Maziwa ya Bihogo

Goma, Mapendo, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Kwa mutoto wangu Uwingabire,

Baba yako hakutia sumu katika bwawa la Rwamabuye. Nilijua hivyo tangu siku ile, na nimekuficha wewe, mama yako, na kila mutu aliyeniita muzee. Nimeliandika hapa juu kabisa kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Ninajijua.

Sasa nikusalimie. Hapa Mapendo tungali tunapumua. Tangu vita viingie muji mwezi wa kwanza, ndege hazishuki na banki zimefungwa, lakini maharagwe yanaiva na kengele ya misa inalia. Bénita, mujukuu wangu, anashinda kwenye foleni ya maji. Wanafunga bidoni zote za plastiki kwa kamba moja ili zisitoroke, anasema, kama mbuzi. Binti yangu Julienne, dada yako, ananilisha uji kwa kijiko. Moyo wangu umechoka na miguu imejaa maji. Muganga wa kule Keshero alisema neno moja la Kifaransa ambalo Julienne alikataa kunitafsiria, kana kwamba si mimi niliyemufundisha Kifaransa.

Kilichoniandikisha ni hiki. Jana, Pentekoste, tulipata wageni kutoka Kibati, watu wa zamani wa uwanda wetu wa Rutshuru. Julienne aliwasimulia kwa furaha kwamba wewe ni vétérinaire, muganga wa mifugo, huko Uganda, na kwamba mumekubaliana kuwaachia punda milia maji ya ng'ombe. Mumoja wao akasema: "Binti ya Hitimana? Baba aliua, mutoto anafufua." Wakacheka. Na mimi, Uwingabire, nikacheka kidogo pamoja nao.

Usiku sikulala. Ulitoka Rwamabuye ukiwa mugongoni mwa mama yako. Jina hilo baya umelibeba bila kuliona bwawa lenyewe.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Chumba ni kimoja, na Julienne ana masikio. Charline, yule mwanamuke anayepeleka vitenge Mbarara kwa kupitia Bunagana, amekubali kubeba karatasi zetu.

Musalimie mama yako Béata, kama atakubali salamu zangu.

Baba yako mukubwa,
Cyprien Twizeyimana


Nyabushozi, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Baba Mukubwa,

Nakusalimu kwa heshima, na dada Julienne, na Bénita na mbuzi zake za plastiki. Huku tuko wazima. Mama magoti yanamusumbua, lakini bado anakwenda zizini mwenyewe. Akimukuta mutu mwingine amekamua kabla yake, siku hiyo hatuzungumzi. Kiangazi ni kikali. Majani yamekuwa rangi ya ngozi ya swala, na upepo unaleta vumbi hadi ndani ya sufuria.

Ndiyo, ni kweli juu ya punda milia. Zamani kila mwenye ferme, shamba la ng'ombe, alizungusha waya wa miiba kwenye bwawa lake, na asubuhi tulikuta swala wamekufa wakining'inia. Sasa tumeng'oa waya. Ng'ombe wanakunywa hadi saa sita, halafu wachungaji wanaondoka na wanyama wa pori wanateremka. Mulango wa bwawa anaulinda Kamate, mukimbizi wa kwetu Kongo, mutu wa Beni. Ndama tumewajengea zizi la miti minene, ili chui asipate sababu ya kuchukiwa. Mwenyekiti wetu ni Muzee Katuramu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. Watu wanafikiri utaratibu huo nimeuleta kutoka shuleni. Niliupata kwa Papa. Alikuwa akinieleza mambo ya Rwamabuye tukichunga: hadi saa sita ni zetu, baada ya saa sita ni zao.

Lakini alinieleza utaratibu tu. Kifo cha bwawa hakunieleza hata siku moja. Nilikisikia kwa watoto wengine, kwenye harusi, kwa kunyooshewa kidole.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinikasirikie. Kama si yeye, ni nani? Na kama si yeye, kwa nini alinyamaza? Alifukuzwa, akawa mutumishi wa kuchunga ng'ombe za wengine hadi kufa kwake, na hakujitetea hata mbele ya watoto wake.

Kuna jingine ambalo nimelibeba tangu utoto. Bihogo, yule ng'ombe mwekundu ambaye ulimupa Papa wakati ng'ombe zetu zilipokufa, ndiye aliyetulea. Ng'ombe wote tulio nao ni wajukuu wake. Papa alimukamua kila siku, akatupa sisi maziwa, na yeye akanywa chai kavu bila maziwa. Hakuonja, Baba Mukubwa. Hata alipokuwa mugonjwa na Mama anamubembeleza. Tena unajua wanaume wetu wakiapa wanataja jina la mutu aliyewapa ng'ombe. Papa alikuwa na ng'ombe wako, lakini sikumusikia kamwe akiapa kwa jina lako.

Mama nilimupa salamu zako. Alisema amezisikia.

Mutoto wako,
Uwingabire


Goma, tarehe 28 mwezi wa saba 2025

Uwingabire, mutoto wa mudogo wangu,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya vitenge. Tunawashukuru kwa habari. Huku mvua hakuna, na volkeno inawaka juu ya mawingu kama kawaida yake, hatuiangalii tena. Julienne alipata makala ya kupikia ya kutosha. Nimeanza kulala nimekaa, kwa sababu nikilala chini ninazama.

Umeuliza ni nani. Ni mimi.

Nilikuwa vétérinaire wa uwanda wote, kijana mwenye diploma na pikipiki, na ufunguo wa ghala la dawa ulikuwa mufukoni mwangu. Nilikuwa na dume moja la kizungu, refu, jeupe na jeusi, nililolileta ili kuboresha mbegu. Kila mutu alijua sheria: ikifika saa sita, mifugo yote inaondoka bwawani. Baba yako ndiye aliyelinda mulango wa miiba, na watu wote walimutii, wakubwa na wadogo. Mimi sikumutii. Niliona saa hizo ni za watu wasiosoma. Siku moja niliacha dume langu majini hadi jioni, na simba jike akalikamata.

Nilikwenda kwenye comité ya wazee kudai simba huyo auawe. Wazee waliniuliza swali moja tu: dume lilikufa saa ngapi? Nikageuka kuangalia pikipiki yangu. Mumoja akasema labda pikipiki yangu haina saa, na baraza zima likacheka.

Jioni ile nilichukua bidoni ya dawa ya kupe, ile kali ambayo haijachanganywa na maji, nikaimwaga yote juu ya muzoga wa dume, ili simba akirudi kula afe. Muzoga ulikuwa juu ya bwawa, kwenye muteremuko. Katika kiangazi kile mvua ilikuwa imesahauliwa. Ikanyesha usiku uleule, Uwingabire, ikasukuma kila kitu ndani ya maji. Asubuhi ng'ombe walikunywa kwanza, kama sheria ilivyosema. Walianguka na povu mudomoni, ng'ombe wa jamaa zote, na swala waliokuwa wamefika mapema wamelala katikati yao, pembe juu ya pembe. Sikuyakusudia maji. Mungu anajua sikuyakusudia.

Watu walisema: mwenye kulinda maji ndiye mwenye kuyajua. Wakamushika baba yako. Wengine wakasema haya ndiyo matunda ya kupenda wanyama wa pori, wakachukua mikuki. Kabla ya mwaka kwisha hapakuwa na swala hata mumoja upande wetu wa muto wa Ishasha.

Baba yako hakujua ni mimi. Alinyamaza kwa sababu hakuwa na jina la kutaja.

Juu ya maziwa, kuna watu ambao tumbo lao linayakataa. Nimeyaona hayo katika kazi yangu. Usiliulize tena.

Cyprien


Nyabushozi, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Baba Mukubwa,

Salamu kwa wote nyumbani.

Barua yako niliisoma kilimani, pale ninapopanda kutafuta réseau ya simu, na nikashuka bila kumupigia mutu simu. Juma mbili sikuweza kukujibu. Nilifikiri nitakuandikia maneno makali, nimeyaandika na kuyachana. Wewe ni mugonjwa, na wewe ndiye umebaki wa upande wa Papa.

Kitu kimoja kimenituliza, nakiri. Kwamba Papa hakujua. Alipokuwa akizungumza juu yako alikuita "mukubwa wangu", na nisingevumilia kufikiri kwamba alilitamka neno hilo huku akijua. Alikufa akiwa na kaka. Hilo umemuachia, na ninakushukuru kwa hilo tu.

Nilimusomea Mama barua yote. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza: "Ametaja ng'ombe?" Nikamwambia hapana, ametaja maziwa tu, kwamba tumbo la Papa liliyakataa. Akainuka na magoti yake yale, akaenda zizini, na hakurudi hadi giza. Sijui nielewe nini. Labda wewe unajua.

Sasa nikueleze ya hapa, kwa sababu wewe ni mutu wa kazi hii, na sina mwingine wa kumuuliza. Chui aliua ndama wawili wa Muzee Katuramu. Zizi la miti alikuwa bado hajalijenga. Yeye ndiye aliyewahimiza wengine walijenge. Siku chache baadaye tulikuta mbuzi amekufa juu ya mwamba karibu na bwawa, na kando yake fisi watatu, tai sijui wangapi wamelala na mabawa wazi, na mbwa wa Kamate. Chui hatukumuona. Punda milia hawateremki tena. Wanasimama mbali wanaangalia maji.

Watu wanasema ni Kamate aliyemutia mbuzi sumu. Analinda mulango, ni mugeni, hana ng'ombe, ana nini cha kupoteza? Nilimukuta akimuzika mbwa wake. Aliniambia: "Dokta, mimi nimuue mbwa wangu ili nifukuzwe? Hata wazimu una akili yake." Jumapili ya tarehe 21 mwezi wa tisa kuna mukutano. Wakiamua ni yeye, atafukuzwa na muke wake na watoto, na waya wa miiba utarudishwa mabwawani. Kazi yetu yote ya miaka hii itakuwa imekwisha.

Mimi kuna kitu nilikiona kwa Muzee Katuramu, nilipokwenda kumutibu ndama aliyebaki. Si cha kuandika. Labda sikuona vizuri. Alifunika gari lake haraka na tukazungumza juu ya kiangazi.

Tena kuna heshima kubwa ambayo sikuitarajia. Muzee Katuramu ametangaza kwamba siku ya mukutano, kabla ya maneno yote, atanipa mutamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mbele ya watu, kwa kazi yangu. Mwanamuke kupewa ng'ombe na mutu kama yule, si jambo la kila siku. Vijana wananitania kwamba sasa nitaapa kwa jina la Katuramu. Nilipomwambia Mama, hakunipongeza.

Niliwaza: Papa naye alipewa ng'ombe na mutu mukubwa wakati mubaya, na ng'ombe huyo alituokoa. Nitamupokea. Lakini nishauri.

Uwingabire


Goma, tarehe 15 mwezi wa tisa 2025

Uwingabire, mutoto wangu,

Ninaandika upesi na mukono hauniitikii. Bénita ameshika karatasi isitembee, lakini yeye Kiswahili changu cha kuandika hakisomi vizuri, na nimemwomba aangalie dirishani. Sote tunakusalimu. Julienne alimwita padri juzi bila kuniuliza. Padri alinipaka mafuta ya wagonjwa. Nilimuungamia mengi, na hili ninalokuandikia nililiruka. Nilimwambia Mungu, wewe unalijua, na padri akasema amina.

Barabara ya Bunagana ilifungwa siku nyingi. Barua yako ilinifikia Jumamosi jioni. Charline anaondoka kesho asubuhi na ameapa kwamba akivuka mupaka atamupa kijana wa pikipiki barua hii ikufikie mukononi kabla ya Jumapili. Ikikufikia Jumatatu, nitakuwa nimeua bwawa la pili.

Jana nilikupigia. Uliona ni mimi, ukafurahi, ukaniambia nipumue polepole. Nilikuwa na sauti yako sikioni. Maneno matano yangetosha. Nikakuuliza kama mvua imekaribia. Nikakuuliza kama mumewapa ng'ombe chumvi. Ukasema: "Baba Mukubwa, ulitaka kunishauri juu ya mutamba?" Nikasema mutamba akiwa na mugongo ulionyooka ni muzuri, na réseau ikakatika. Haikukatika, Uwingabire. Nilibonyeza mimi.

Usimupokee. Nisikilize kama mutu anayezama na ameshika shati lako. Usimupokee mutamba yule kabla ya mukutano, wala wakati wa mukutano. Simama kwanza, sema ulichokiona chini ya kifuniko cha gari, useme mbele ya Kamate na watoto wake wakikusikia. Baadaye kama Katuramu bado anataka kukupa ng'ombe, chukua hata kumi.

Unajua desturi kuliko unavyofikiri unaijua. Mutu akikupa ng'ombe mbele ya watu, hauwezi tena kusimama dhidi yake mbele ya watu. Hakuna polisi anayekuzuia. Ni maziwa. Watoto wako wanayanywa, na jina lake limekaa katika kiapo chako. Katuramu anaijua desturi hiyo vizuri. Nilipoisoma barua yako niliona kwamba anaijua kama mimi.

Béata aliuliza kama nimetaja ng'ombe. Sasa ninamutaja.

Siku ya baraza pale Rwamabuye, baba yako alisimamishwa katikati. Harufu ya mizoga ilikuwa ingali hewani. Mimi nilikaa na wazee, kwenye kiti, kwa sababu ya diploma. Walimuuliza mara nyingi. Mwisho muzee wa baraza akasema: "Hitimana, tusichoshane. Apa kwamba haujui aliyetia sumu, na utakwenda nyumbani." Na kiapo chake kilikuwa kimoja tu, kila mutu alikijua: kwa jina la Cyprien aliyenipa ng'ombe. Akafungua kinywa. Aliniangalia, si kwa hasira; aliniangalia kama mutu anayemungoja mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu. Alinipa nafasi, Uwingabire. Ilikuwa ndefu. Kisha akasema: "Siwezi kuapa." Wakaona ndilo ungamo.

Niliwasindikiza hadi kivuko cha Ishasha. Ulikuwa ukilala mugongoni mwa Béata. Mama yako hakuniangalia njia nzima. Alikuwa akimuongoza Bihogo kwa kamba. Hapo majini baba yako aliniaga kwa mikono miwili, kama mudogo anavyomuaga mukubwa wake, na akasema: "Mukubwa wangu, ng'ombe wako anakamuliwa vizuri." Basi. Wakavuka. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba hayo yalikuwa maneno ya shukrani.

Nilikuandikia kwamba hakujua. Ukaniandikia kwamba hilo limekutuliza, na nikaona kwamba ninaweza kufa nikiwa nimekuachia utulivu huo. Ilikuwa rahisi sana. Ninakuomba radhi kwamba ninakunyang'anya.

Jioni ile ya sumu nilipanda Rwamabuye na bidoni begani. Hitimana alikuwa akifunga mulango wa miiba. Alinipisha, akanisaidia kushusha bidoni, akauliza kama nimekuja kuogesha ng'ombe jioni hii. Nikasema ndiyo. Akaangalia huku na huku, hapakuwa na ng'ombe hata mumoja. Akasema: "Usiku mwema, mukubwa wangu", na akaenda zake.

Asubuhi ng'ombe walipokuwa wakianguka, na wake za wafugaji wanalia, kabla mutu yeyote hajafikiri kumuuliza mulinzi wa maji aliona nini, nilimuleta Bihogo kwa kamba, nikamukabidhi mudogo wangu mbele ya uwanda muzima. Ng'ombe zake zilikuwa zimekufa kama za wengine. Watu walinisifu, wakasema huyu ndiye kaka. Hitimana alishika kamba. Asingeweza kuikataa mbele ya watu.

Sikumupa Bihogo kwa kumuhurumia. Nilimupa kwa sababu aliniona.